Samaki Miguuni mwa Bi Mize

Watu wa mji huu hawawezi kuona kitu wakakiacha kiwe kitu. Ukivaa kanga watasoma maneno yake kabla hawajakujibu salamu, halafu watatafuta umemvalia nani. Ukiimba jikoni, jirani ataacha kupepeta mchele asikilize kama unamsema yeye. Upepo ukikubamizia mlango, kesho utaulizwa jana ulikuwa na lako gani. Na mimi nimekulia humu, mafumbo nayajua kuyatega na kuyategua. Lakini mchoraji wa picha kama zangu kuishi na watu kama hawa ni kujitafutia maradhi ya moyo.

Picha zangu hazina maana. Nalisema hilo bila ya kuona haya. Nachora nyumba zenye miguu ya kuku zimepanga foleni ya maji, kila moja na ndoo yake. Nachora mwanamme anayekunywa chai kwa sikio. Vinanijia hivyo, rangi zinakaa vizuri, nami nafurahi, basi. Wasomi wana jina lao la kigeni la picha za namna hii, nami nimewaachia wenyewe. Shangazi yangu Bi Mize aliziita vituko, na sijapata kusikia jina bora kuliko hilo.

"Haya, leo umenletea kituko gani?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake nikiingia na turubai kwapani, kabla hata sijamaliza kusema shikamoo. Nikimwonesha, alirudi nyuma kidogo, akakaza kanga kifuani, akatazama. Halafu kicheko kilimwanza tumboni. Kikapanda mabegani, kikamtoa machozi, akawa anajifuta kwa ncha ya mtandio huku akioneshea kidole. "Lo, Matar! Nyumba na ndoo yake! Na hiyo ya nyuma inasukuma wenziwe!" Kweli, ilikuwa inasukuma. Mimi niliyeichora nilikuwa sijaiona hivyo mpaka yeye aliposema. Katika umri wangu wote hakuwahi kuniuliza picha maana yake nini. Ikimfurahisha alicheka, isipomfurahisha alisema "hii imenuna," akarudi zake jikoni.

Nayaandika haya kwa sababu kicheko kile kimeondoka, na aliyekiondoa namjua kwa jina na kwa sauti.

Bi Mize ni mtu wa Tumbatu, Jongowe, dada wa baba yangu. Aliolewa na seremala wa mjini, wakajenga mtaa wa Mpendae wakati bado nyumba ni za kuhesabu na usiku unasikia komba kwenye minazi. Mtoto hawakujaaliwa, na seremala alitangulia mbele ya haki mapema. Baba yangu alipofariki na mama akaolewa kwengine, Bi Mize alikuja Tumbatu kunichukua, nami nikawa mtoto wake. Nilipoanza kuchafua kuta zake kwa makaa hakunipiga. Alinambia nisichore karibu na mlango tu, kwa sababu wageni huegemea pale na kanzu zao ni nyeupe.

Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi na kuosha watoto wachanga. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arubaini, na mtu mzima anayejua kazi hiyo huja kila asubuhi kumwangalia. Bi Mize alichemsha maji, akamkanda mzazi tumbo na mgongo, akampikia uji wa pilipili manga. Akishamaliza na mama, alikaa kwenye kibao, akanyoosha miguu yote miwili, akamlaza mtoto kifudifudi juu ya miundi yake, akamwosha hapo hapo kwenye miguu, maji yakimwagikia kwenye beseni. Halafu mafuta, halafu kumnyoosha mkono huu na mguu ule. Nusu ya Mpendae imepita juu ya miguu ile. Akikutana na polisi mwenye ndevu zake njiani humwambia mbele za watu, "Weye nnakujua, ukiona maji unajikojolea." Na polisi hucheka.

Hakuifanya kwa ajili ya anachopewa. Mtaani pakikaa kitambo bila ya mzazi, alizunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza funguo. Lakini ni kazi ya kuaminiwa ile. Mama amempa mtu kitu kisichoweza hata kukaza shingo, amempa akipake mafuta na kukivuta viungo. Mkono wa mwoshaji ukitiwa shaka, hata shaka ndogo, haitwi tena. Na Bi Mize asipoitwa, hana tena sababu ya kuamka asubuhi. Hayo nayaeleza mapema ili ajulikane alikuwa na nini cha kupoteza.

Miongoni mwa waliooshwa juu ya miguu ile ni Hafiz. Wazee wake ni Waarabu wa mjini. Inasemekana babu yao alikuwa na mashamba ya karafuu upande wa Kizimbani, lakini Hafiz kilichomfikia ni sauti nzuri tu. Walikuwa jirani zetu, ukuta kwa ukuta. Tulicheza pamoja, tukapigwa pamoja, na mama yake alipougua alikula kwetu mpaka akasahau kwao kunapikwa nini. Alimwita Bi Mize mama. Tulipokuwa wakubwa tulifungua duka la picha Mji Mkongwe, kwenye uchochoro mmoja nyuma ya mtaa wa Gizenga. Mimi nachora, yeye anauza.

Na kuuza alijua. Wageni wakiingia, wanapita picha za simba na twiga za wachoraji wengine bila ya kusimama, wanafika kwenye mwanamme wangu anayekunywa chai kwa sikio, wanakunja uso. "Maana yake nini?" Mimi huwajibu haina. Nao huondoka. Hafiz alinifukuza nikakae nyuma na rangi zangu, akaishika kazi mwenyewe. Alimwambia bibi mmoja wa Kitaliani kwamba huyu ni mtu anayelazimishwa kumeza maneno asiyoyataka. Yule bibi akatoa kitambaa, akalia. Nilipochora nyengine ya chai na sikio, kwa kuwa ya kwanza imekwenda, Hafiz alimwelezea mzee wa Kidachi kuwa sikio ni kisiwa na chai ni bahari inayopanda. Mzee akaitika kwa kichwa kwa uchungu kabisa.

"Yakhe, umezitoa wapi hizo?" nilimuuliza.

"Nnazitunga," akasema. "Picha yako sawa na kikombe kitupu. Kila mtu nnamtilia anachopenda."

Tulicheka mpaka tukashikana. Tulikuwa tukifunga duka tunakwenda Forodhani, tunakula mishikaki na muhogo, naye ananisimulia maana za siku ile moja moja, nami napaliwa. Naomba hilo likumbukwe. Hakuna mtu duniani aliyejua kama Hafiz kwamba picha zangu hazina kitu nyuma yake, kwa sababu kila kilichowahi kuwekwa nyuma yake alikiweka yeye.

Picha ya samaki sikuichora kwa ajili ya duka. Nilikuwa nimekwenda Kizimbani kutazama karafuu zikichumwa, nikarudi na vile vishada kichwani, na nilipoingia ndani nikamkuta Bi Mize amekaa kwenye kibao anaparua samaki, changu mkubwa, miguu kainyoosha vile vile kama anaosha mtoto. Vitu viwili hivyo vikashikana. Nikachora mwanamke amekaa kwenye kibao katikati ya bahari, hakurowa hata pindo la kanga. Juu ya miundi yake kalala changu mwekundu, kajaa povu la sabuni, jicho kalifumba kwa raha. Mahali pa kichwa cha mwanamke nikaweka taa ya chemni inayowaka. Nyuma yake mkarafuu, na badala ya vishada vya karafuu nikaning'iniza watoto wachanga, wanono, wengine wamelala, mmoja anapiga chafya.

Bi Mize alipoiona alikaa chini kabisa, sakafuni. Alicheka mpaka nikaogopa. "Changu! Changu kafumba jicho lisiingie sabuni! Na huyo mtini, mtazame, anaumwa na mafua!" Akasema hiyo haitoki humu ndani. Tukaitundika sebuleni, mkabala na mlango, na kila mgeni aliyeingia alitembezwa kwayo kama mtu anayeoneshwa jamaa aliyerudi safari. Mafua ya yule mtoto wa mtini aliyaulizia takriban kila siku. "Hajambo leo?" akiipita na sinia. Anajijibu mwenyewe, "Bado."

Mwaka jana Khawla, mke wa Hafiz, akajifungua mtoto wa kiume. Bi Mize alikuwa wa kwanza kuitwa, na hata asingeitwa angekwenda. Alimbeba mtoto wa Hafiz kama mfalme. "Huyu mjukuu," alisema, "babake nshamuosha, na huyu nnamuosha."

Siku chache baadaye alirudi nyumbani hana furaha. Akanambia mtoto macho yamegeuka manjano na kunyonya hataki, amelegea kama kitambaa. Alimwambia Hafiz ampeleke hospitali asubuhi ile ile, asingoje. Hafiz akasema sawa, mama. Mimi nilikuwa nyumbani na homa siku zile, dukani sikwenda, sikujua zaidi ya hapo. Mtoto alipelekwa kesho yake jioni. Hakurudi hai.

Tulizika. Sitaki kueleza jeneza lilivyokuwa dogo. Bi Mize alipika kwa siku zote za matanga, akapeleka masinia kwa Khawla, na Hafiz mwenyewe akaja kwetu kuchukua sinia la mwisho. Nilimuona amesimama sebuleni, simu mkononi, anaitazama picha. Nilidhani anatafuta kitu cha kumsahaulisha. Nilimwonea huruma, nikamwacha peke yake.

Alikuwa anaipiga picha.

Mtaa wetu una kundi lake la WhatsApp, la harusi, misiba na maji yaliyokatika. Nilikuwa dukani pale jirani yetu Borafya aliponipigia kuniuliza kama nimesikia. Nikafungua. Kwanza picha yangu, imepigwa kwa upande, mwanga wa dirisha umeipiga pembeni. Chini yake sauti ya Hafiz, ile sauti nzuri iliyomliza bibi wa Kitaliani.

"Jamani, asalaam alaykum. Mimi simtaji mtu. Mimi ni mtu wa msiba. Nnachosema, itazameni picha. Mwanamke na miguu yake kaikunjua, watoto wangapi wametundikwa nyuma? Na miguuni pamekuwa nini badala ya mtoto? Na kichwa ni taa, anaona pasipoonekana na watu. Sasa aliyechora nani? Matar. Matar kaishi naye, kayaona, mdomo umemshinda, kayasema kwa rangi. Kila mtu na akili yake."

Basi. Hakusema neno mchawi. Hakuhitaji. Aliwapa watu wa Mpendae fumbo, akajua watalifanyaje.

Na walilifanya. Mmoja akakumbuka mtoto wa dada yake aliyefariki zamani, naye alioshwa na Bi Mize. Mwengine akasema siku zote alijiuliza mwanamke asiye na mtoto anatafuta nini kwa watoto wa watu. Mwengine, ambaye namjua hata kuchora yai hawezi, akaeleza kuwa wekundu wa samaki ni damu. Nikaandika kwamba picha haina maana yoyote, kwamba changu ni mwekundu kwa sababu changu ni mwekundu. Nikajibiwa: "Haina maana, kwa nini ulichora?" Na mwengine: "Mwacheni, anamlinda mlezi wake." Nilihisi kama mtu anayepiga kelele ndani ya pipa.

Nilikwenda kwa Hafiz na hasira ambayo sijapata kuwa nayo. Alikuwa barazani kwake, amekaa kwenye busati, ndevu hazijanyolewa. Nyuma yake pazia la mlango, na Khawla ndani.

"Hafiz," nikamwambia, "wewe ndiye unayezitunga. Wewe, kwa kinywa chako, uliniambia kikombe kitupu."

"Zile nlizitunga," akasema, hanitazami. "Hii inajisema yenyewe."

"Ilijisema lini? Mbona ulikula chini yake mwaka mzima? Mbona ulimcheka na wewe yule mtoto wa mafua?"

"Nlikuwa sijafiwa."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, vyote viwili, na ningefanya kimojawapo kama Khawla asingesema kutoka nyuma ya pazia. Sauti yake ilikuwa imechoka, haina hata ukali.

"Mwambie na habari ya meli, Hafiz."

Hafiz akafunika macho kwa kiganja.

"Usiposema ntasema mie," Khawla akaendelea. "Bi Mize alitwambia asubuhi. Mie nshavaa buibui, mtoto nshamfunika. Huyu akanambia ngoja, kuna meli ya wageni imetia nanga, Matar anaumwa, duka halina mtu, wakishaondoka wageni tutakwenda. Wageni wakakaa mpaka magharibi. Usiku akasema asubuhi. Asubuhi akasema mtoto kalala, tusimwamshe."

Watu walipita, wakatoa salamu, hakuna aliyeitikia.

"Basi tuma tena," nikamwambia Hafiz. "Sema ulighadhibika, sema ulikosea, sema lolote. Yule mwanamke amekulea."

Aliponitazama, nilimuona mtu mwengine kabisa, mtu niliyekuwa sijatambulishwa naye.

"Nikisema si yeye," akasema, "wataniuliza basi nani."

Hilo ndilo lililonivunja. Si uchungu wa msiba uliomfanya aseme vile; angalau uchungu ningeusamehe. Alikaa, akafikiri, akatafuta mtu wa kubeba mzigo wake, na akamchagua yule ambaye hatomwambia kitu. Na akatafuta cha kumpigia, akachukua picha yangu. Alinichukua mimi akanifanya shahidi. Nilitoka pale, nikaenda dukani, nikashusha picha zangu zote ukutani nikazirudisha Mpendae kwa gari ya mizigo. Mlango wa duka nilimwachia na simba wake na twiga. Mpaka leo tukikutana uchochoroni kila mmoja hutazama ukuta wake.

Bi Mize hana simu ya kuoneshea picha, anayo ya kubonyeza tu. Lakini mtaa una midomo. Hakuniambia kitu, nami nikadhani, kwa ujinga wa kupenda, kwamba pengine hajui.

Jirani yetu wa nyuma ni Ummukulthum. Bi Mize alimuosha yeye, akaosha na watoto wake wakubwa wote, na mimba hii ya mwisho ilipoingia miezi mikubwa mama yake, kabla ya ile sauti ya Hafiz kuzagaa, alikuja kutwambia, "Bi Mize, mwezi huu usende shamba." Shangazi akatayarisha. Akasafisha kikapu chake cha ukindu, akapika mafuta ya nazi mapya, akasaga liwa ya kumpaka mzazi, akakunja kanga kuukuu laini za kufutia. Akaweka kikapu karibu na mlango.

Asubuhi moja tukasikia mtoto analia upande wa pili wa ukuta. Kilio kile kikavu cha mtoto aliyetoka kuzaliwa huwezi kukikosea. Bi Mize alikuwa anakunywa chai. Akasimama, akanawa uso, akavaa buibui lake, akakaa kwenye kiti kando ya kikapu. Alikuwa anasubiri kuitwa, kwa sababu mwenye adabu haendi kwa mzazi kabla hajaitwa. Nikasikia maji yanachemka kule, mifuniko inagongana. Harufu ya udi ikapanda juu ya ukuta. Halafu tukasikia sauti ya mwanamke tusiyemjua akimbembeleza mtoto, na maji yakimwagwa kwenye beseni kidogo kidogo.

Bi Mize alisikiliza mpaka maji yakaisha. "Anamwaga mengi kwa pamoja," akasema. "Mtoto atashituka." Akavua buibui, akalitundika. Kikapu akakirudisha chini ya kitanda, na mafuta yale mapya akanambia nipikie.

Sikuweza kukaa nyumbani. Nilitembea mpaka miguu ikaniuma, namtukana Hafiz kwa sauti, watu wananipisha njia. Niliporudi ilikuwa alasiri. Nilimkuta sebuleni, amesimama mbele ya picha, na nilifurahi nikidhani nitasikia habari ya mafua.

"Matar."

"Naam, shangazi."

"Nambie kweli. Hii picha maana yake nini?"

Watu wote wa dunia hii wameniuliza swali hilo, wa Kidachi na wa Mpendae, na nimewajibu kwa karaha. Yeye hakuwa na haki ya kuniuliza. Yeye alikuwa mtu wangu mmoja.

"Haina maana, shangazi. Unajua haina."

"Mbona wenzio wote wameiona?" Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama mtoto mgonjwa, anatafuta wapi panapouma. "Mie si msomi. Nlikuwa naona changu tu. Sasa nnakuuliza weye uliyeichora. Ulikuwa unanisema, mwanangu? Kuna kitu ulikiona kwangu ukashindwa kunambia?"

Niliapa. Niliapa kwa Mungu na kwa kaburi la baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, taratibu, "Lakini mtu hachori kitu bure." Nikajua Hafiz ameingia ndani ya nyumba yetu na hatoki. Neno "haina" halitonisaidia. Mtu asiye na maana ya kutoa, watu humpa waliyo nayo wao, na shangazi yangu alikuwa anakwenda kulala kila siku chini ya ile waliyompa.

Basi nikamtungia.

Nilimkalisha kitini. Nilisimama mbele ya picha, mikono nyuma, kama Hafiz, na nikaisikia sauti yangu ikiwa nzuri. Nikamwambia bahari ni dunia na tabu zake, na mwanamke hakurowa kwa sababu Mungu kamhifadhi. Nikamwambia kichwa ni taa kwa kuwa yeye ndiye aliyeingia kwenye vyumba vya wazazi wakiwa gizani na hofu zao, akawawashia. Changu ni riziki, kafumba jicho kwa amani, kwa sababu kila kilichopita mikononi mwake kilipata amani. Na watoto mtini ni sisi, mimi na polisi na Ummukulthum na wote wa mtaa huu, matunda ya mti wake yeye ambaye hakuzaa. Maneno yalikuja yenyewe, mepesi, moja linalivuta la pili. Nilipogeuka alikuwa analia.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ndio hivyo."

"Ndio hivyo, shangazi."

"Na huyu wa chafya?"

Nilikuwa nimemsahau. "Huyo ndiye mimi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, muda mrefu. Akainuka, akaisogelea picha, akaifuta vumbi kwenye pembe kwa ncha ya mtandio, polepole, kama mtu anayefuta msahafu. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa na haya.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Jambo kubwa hivi, na mie miaka yote nlikuwa nkicheka."

Nilimwambia inachekesha. Nilimwambia nilimchora yule wa mafua ili acheke. Aliniwekea mkono begani, akasema nisijali, sasa ameelewa.

Wako waliorudi kumwita, wachache, baada ya Khawla kuyasema yale ya meli msikitini kwa wanawake. Ummukulthum bado. Bi Mize huenda akiitwa, huosha mtoto na kurudi, na usingizi anaupata. Hilo nililitaka na nimelipata.

Juzi nilimaliza picha mpya. Mbuzi amevaa miwani, amekaa kwenye kiti cha kinyozi, na kinyozi ni kabichi. Nilikuwa nimecheka peke yangu nikiichora, na njia nzima kutoka bandani ninapochorea mpaka sebuleni nilikuwa nasikiliza kama nitaulizwa nimeleta kituko gani. Bi Mize alinijibu shikamoo yangu vizuri, akaitazama turubai kidogo, akaitazama tena. Nikaona pembe ya mdomo wake inataka kwenda juu. Akaizuia. Akavuta kiti, akakaa sawasawa kama mtu aliyehudhuria darasa, akaweka mikono mapajani.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nieleze."